Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Baba

Mara ya kwanza kumlilia baba yangu sikuwa na hakika kama amekufa. Nililia kwa makusudi, asubuhi, jua likiwa limeshatoka, mikono kichwani, kwa sauti ambayo hata mimi sikujua kama ninayo. Nikiwasimulia watu habari hii siku hizi, wengine hunitazama wakingoja nitubu. Wataota mvi. Nilikuwa na mama mmoja tu, na mama huyo alikuwa ameshashika jembe.

Kijiji chetu kiko Djugu, ng'ambo ya Iga Barrière, kwenye vilima ambako ukungu hauondoki mpaka watu wamalize chai. Siku tuliyowakimbia wenye bunduki, baba alitusukuma nje kwa mlango wa nyuma, mama, koko na mimi. Koko ndivyo tunavyomwita mama wa baba. Alituambia tutangulie, yeye anarudi kumfungulia mbuzi kamba asije akaungua pamoja na nyumba. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema, maneno ya mbuzi. Nimejaribu mara nyingi kuyageuza yawe na maana kubwa zaidi, yamekataa.

Tulitembea, tukalala porini, tukatembea tena, tukaingia Bunia tumevaa vumbi. Kambi tulimopokelewa ilikuwa juu ya kilima pembeni mwa mji, mahema yamebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka. Hema letu lilikuwa na watu watatu na nafasi ya watu wawili. Mama alilala mlangoni, ili baba akifika asimkanyage mtu mwingine. Koko alilala nyuma kabisa, mlango ameupa mgongo. Mimi nililala katikati, na huko katikati ndiko nilikoishi mwaka ule wote.

Maana wanawake wale wawili walikuwa na vita yao. Koko alisema mwanawe amekufa. Hakuletewa habari na mtu yeyote. Alisema tumbo lake lilimwambia tangu tulipokuwa porini, na tumbo lake halijawahi kumdanganya. Alitaka kilio. Kwetu mtu akifa analiliwa: moto unawashwa nje, watu wanakaa chini, vichwa vinanyolewa, mjane anakaa kwenye mkeka, na siku zikitimia wazee wanawainua wafiwa na watu wanarudi shambani. Asiyeliliwa anabaki akizunguka, hana pa kukaa, na watu wake nao hawana pa kukaa. Mama alisema mumewe yu hai, na kumlilia mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi kwa mdomo. Basi wakaacha kusemezana. Magoti yao yaligusana, lakini maneno yalipitia kwangu.

"Ambia koko yako," mama alisema huku akimwangalia koko usoni, "bwana yangu hajakufa. Kama iko na machozi mingi, aende kulilia ba bwana ya wengine."

"Ambia mama yako," koko alijibu, "ule mutoto nilimuzala miye. Yeye alimukuta ameshaota ndevu."

Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nilichoka, na mwisho nikawa nakasirika na wote wawili, nikitamani hata siku moja tu waone kwamba mtu waliyekuwa wakigombania alikuwa pia baba yangu.

Moyoni nilikuwa upande wa mama. Kila jioni alimwekea baba bonge la ugali kwenye mfuniko wa sufuria, na asubuhi tuliula, mimi na yeye, ukiwa mgumu na baridi. Koko hakuugusa. Alisema hali chakula cha maiti, ingawa njaa ilikuwa inamla waziwazi. Mchana mama alishuka mpaka kwenye barabara inayotoka Iga, akasimama mahali malori yanapopunguza mwendo, akawauliza madereva. Alimweleza baba kwa namna ya mtu anayeuza kitu: mrefu, mweusi, ana kovu kwenye nyusi, anapenda kucheka. Madereva walimjibu kwa heshima. Hakuna aliyekuwa amemwona.

Chakula cha msaada kilipungua, kikapungua tena, kikakoma. Hapo wanawake wa kambi wakaanza kurudi kwa siri kwenye mashamba waliyoyaacha, kuchimbua mihogo yao wenyewe. Walikwenda kwa kundi, wakalala njiani, wakarudi na vikapu. Wenye bunduki nao walizijua njia zile. Mama mmoja wa hema linalotazamana na letu alikwenda na wenzake, kikarudi kikapu chake tu, kichwani mwa rafiki yake. Watoto wake walikula mihogo ile. Wangefanya nini?

Siku chache baada ya hapo nilimkuta mama anatia mpini kwenye jembe la kuazima.

"Juma yenye inakuya naenda na bale bamama," alisema.

"Mama, wacha. Tutakula ile iko."

"Hakuna kitu iko."

"Weye hauende juu ya muhogo, unaenda juu ya baba," nilimwambia.

Alipigapiga mpini chini uingie vizuri. Hakukana.

"Kama iko mugonjwa kwa nyumba ya mutu?" alisema. "Kama muguu yake ilivunjika? Nani anamupatia maji?"

"Na bakikuuwa?"

"Basi nitajua."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesema ni saa ngapi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nimeogopa vitu vingi kufikia siku ile, risasi, moto, mto tuliouvuka umejaa, lakini hivyo vyote vilikuwa nje yangu. Hofu hii ilikaa ndani na mimi, ikala na mimi. Mama yangu alikuwa anataka kujua kuliko alivyotaka kuishi. Mimi nilitaka aishi, hata kama hatujui chochote mpaka tuzeeke.

Nilimfuata koko kwenye mtaro alikokuwa akisugua sufuria kwa mchanga.

"Koko, tumulilie baba."

Mikono yake ilisimama. "Rudilia."

"Tumulilie baba."

"Weye unaamini alikufa?"

"Sijui."

"Basi juu ya nini?"

"Mama anataka kurudia kule. Mufiwa hagusi jembe. Hatoki kwa mukeka."

Koko hakuwa mjinga hata siku moja. Aliendelea kusugua ile sufuria iliyokwisha kung'aa. Kwa desturi yetu yeye, ingawa ni mama mzazi, hawezi kukifungua kilio. Anayekifungua ni mtoto wa kwanza wa marehemu, na huyo alikuwa mimi. Mtoto wa kwanza akishapaza sauti, hata mke hawezi kuirudisha. Na mjane akivunja mkeka kabla ya siku zake, balaa halimwangukii yeye. Linamwangukia yule mtoto aliyekifungua kilio. Nilijua hivyo, na nilijua mama anajua. Nilikuwa namfungia mlango kwa mwili wangu.

"Nilitaka umulilie juu iko baba yako," koko alisema mwishoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa, mikono ilikuwa na mchanga. "Sikiliza. Kilio iko moja. Mutu haliliwe mara mbili. Ukimulilia tena, anaona banamuita, anakuya kutwaa mutu wa nyumba. Ukifungua, imefunguka. Umesikia?"

"Nimesikia."

Asubuhi wanawake walipokuwa wanajikusanya kwenda, nilitoka mbele ya hema, nikaweka mikono kichwani, nikaita. "Baba wee! Baba yangu wee! Umetuachia nani?" Ndiyo maneno yanayosemwa. Nilikuwa nimeyasikia kwenye misiba ya watu tangu nikiwa mgongoni. Nilianza kwa uongo. Katikati pale, sijui ilikuwa mara ya ngapi kuliita jina lake, nikaacha kuigiza.

Mama alitoka na jembe mkononi. Alilitupa, akanirukia, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, mutoto. Nyamaza, nyamaza, habajasikia."

Walikuwa wameshasikia. Katika kambi ya watu waliobanana vile, nani asingesikia? Wanawake walitoka mahemani wakija mbio huku wanafunga vitenge vyao, wengine hata hawakutujua, wakajiunga na kilio jinsi watu wanavyojiunga na wimbo wa kanisani. Wakamshika mama mabega, wakamkalisha chini kwa upole. Mmoja aliliokota jembe akaenda nalo. Mama hakupigana nao. Alinitazama tu juu ya mabega yao, na mimi nikaendelea kulia ili nisilione lile jicho.

Ilibaki maiti. Koko alisema kilio bila mwili ni kelele. Mtu aliyepotea huzikwa kwa mgomba: unakatwa urefu wa mtu, unavikwa nguo, unazikwa kwa jina lake, na kwa huo anapata pa kukaa. Lakini kambini hapakuwa na mgomba, palikuwa na turubai na matope. Nikaenda na mama mmoja wa kwenye bloki yetu mpaka mtaa wa chini, kwa mama wa Butembo aliyekuwa anauza vitenge sokoni na ambaye koko alikuwa akimfulia nguo. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na migomba minene. Nilipomweleza, alishika kifua. Hakutuuliza chochote zaidi, alituambia tukae, akatupatia chai yenye maziwa, akazunguka nyuma ya nyumba na mtu wake wa bustani.

Aliporudi, mgomba ulikuwa umeshavikwa. Alikuwa ameuzungushia kitenge kipya kabisa, cha buluu, kutoka kwenye vile anavyouza, akaufunga kamba sehemu tatu kama maiti anavyofungwa. Nililia tena kwa wema ule. Tuliubeba kichwani tukipandisha kilima, mbele mimi, nyuma yule mama wa bloki, akilalamika kwamba muzee wetu alikuwa na uzito kweli. Koko aliupokea, akaulaza kwenye mkeka, akaukandakanda kwa mkono juu ya kitenge. Hakuufungua. Maiti iliyokwisha kuvikwa na mtu wa heshima haifunguliwi kukaguliwa, ingekuwa tusi kwa aliyevika.

Rais wa bloki, ndivyo tulivyomwita kiongozi wa mahema ya upande wetu, alituonyesha mahali kwenye mteremko, karibu na kijito, kambi ilikokuwa inazika watu wake. Katekista alikuja na kitabu chake, akautazama ule mgomba, akafunga kitabu. Sakramenti ya mgomba hakuwa ameisoma mahali popote, maskini. Mwishowe aliomba kwa ajili ya wote walio mbali na nyumbani, akakaza sana neno wote, na kila mtu akaitikia. Kwetu mke ndiye hushika miguu ya mumewe anaposhushwa. Mama alipiga magoti, akashika upande wa miguu kwa mikono miwili, akausikilizia uzito. Nikaona anainua kichwa, ananitazama, halafu anautazama tena mgomba. Alikuwa hajalia hata chozi moja. Akaushusha taratibu, akarudi nyuma, udongo ukamiminwa.

Siku za mkeka zilikuwa ndefu. Mama alinyolewa, na bila nywele uso wake ulikuwa mdogo, wa msichana. Hakunisemesha. Nilimpelekea uji akaunywa. Nilimpelekea maji ya kunawa akanawa. Kama nilikaa karibu naye hakuondoka, maana hakuwa na ruhusa ya kuondoka, na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga. Nilimchukia kidogo pia. Nilitaka aseme asante, au aseme nimemuua mumewe, aseme lolote.

Wanawake waliokwenda kuchimbua walirudi wote. Wote, na vikapu vimejaa, mmoja hata alikuwa na kuku. Walikuja kumpa mama pole wakamletea mihogo, wakakaa wakisimulia kwamba njia ilikuwa tulivu, hawakukutana na mtu. Mama aliwashukuru. Walipoondoka alinigeuzia macho, akayaacha hapo mpaka mimi nikatoka nje. Ningependa kusema walishambuliwa, ningeonekana mwenye akili. Hawakushambuliwa.

Siku zilipotimia, wazee walimwinua, akaogeshwa kijitoni, akavikwa kitenge kisicho cheusi. Tukaanza kuishi. Mama alipata kazi ya kumenya maharage kwa mwenye mgahawa, koko aliendelea kufua, mimi nilirudi darasani kwenye hema la shule. Hakuna aliyemwekea baba ugali. Mama na koko walianza kusemezana, maneno madogo madogo, lete chumvi, funga mlango. Wakati mwingine nilijiambia kwamba tumeshavuka. Mama akikaa kimya mno nilihesabu ni uchovu.

Halafu mvua zikaja. Jumapili moja baada ya misa, mama mmoja aliyekuwa ametoka kuchota maji kijitoni alisimama mbele ya hema letu, ndoo kichwani, hajui kama acheke au akimbie.

"Muzee wenu," alisema, "anaota."

Tulishuka wote watatu, na nyuma yetu nusu ya kambi. Juu ya kaburi la baba palikuwa pamechomoza jani la mgomba, limejikunja, la kijani kibichi kabisa. Watu walirudi nyuma. Wengine walipiga ishara ya msalaba, na kijana mmoja alicheka akazabwa kofi na mama yake. Koko alikaa chini kwenye majani yenye maji. Mama aliinama, akaligusa lile jani kwa kidole, akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Djugu, na tabasamu lile lilinitisha.

"Ananiita," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Acheni niende nimuone."

Na nani angemzuia? Kaburi likiota, watu wazima wote walikubaliana, mke ana haki ya kwenda kuangalia kule mumewe alikobaki. Rais wa bloki alisema hivyo. Hata koko hakusema kinyume. Mkeka ulikwisha, kilio kilikwisha, na kilio ni kimoja. Sikuwa na kitu kingine cha kumfungia nacho.

Nilikimbia mpaka kwa mama wa Butembo. Nilimkuta anahesabu vitenge vyake, nikamuuliza huku nahema: ule mgomba aliukata wapi?

"Kukata?" alisema. Alishangaa, hata akakasirika kidogo. "Sikukata. Nilichimbua yote na muzizi yake. Mutu amepoteza baba, miye nimupatie nusu? Baba asiye na miguu?"

Wema wake ulikuwa umekamilika, hakupunguza hata mzizi mmoja. Nilirudi mbio kwenye kilima nikiwa nimejaa furaha ya kijinga, ile ya mtu aliyepata jibu. Mama alikuwa anakunja shuka lake.

"Mama, ni muzizi! Hakukata, alichimbua na muzizi yake. Ndiyo maana inaota. Hakuna mutu anakuita."

"Najua," mama alisema.

"Unajua nini?"

"Miye iko mulimaji. Unazani sijue mugomba?" Aliendelea kukunja shuka, kona kwa kona. "Nilishika miguu yake, mutoto wangu. Nilisikia ile kisiki mu kitenge. Nilijua mvua ikinyesha itaota. Nikanyamaza, nikangoya. Bila ile, nani angeniacha kwenda kutafuta mutu mwenye alizikwa?"

Nilikaa chini. Siku zile zote za mkeka, nilizodhani nimemfungia, alikuwa anangoja mvua.

"Weye ulinifunga na kilio," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akanishika uso kwa mikono yenye harufu ya maharage. "Nilikubali juu sikutaka balaa ikupate. Sasa hakuna balaa. Wacha niende."

"Usiende," nilisema. Nilisema tena na tena, nikamshika kitenge kwa mikono miwili kama mtoto wa kunyonya, nikalia bila haya, mbele ya mahema yote. Alifungua vidole vyangu kimoja kimoja. Alipanda pikipiki inayokwenda Iga, shuka mapajani, na hakugeuka nyuma.

Siwezi kueleza siku zilizofuata, na sitaki. Sikula vizuri, sikusikia mwalimu anasema nini. Koko alihamia kulala mlangoni, mahali pa mama, na hatukuambiana sababu. Pikipiki yoyote ikipanda kilima, mwili wangu ulisimama wenyewe. Nilijikuta nikipanga kichwani nani atanijulisha, atakuwa amevaa nini, nitakuwa nimeshika nini. Nilijiapiza kwamba mama nikiletewa habari zake sitamlilia hata chozi, nitakaa kimya mpaka wachoke wote. Sikuwa nimewahi kukata tamaa kiasi kile, na sijawahi tena.

Alirudi kwa miguu, mchana, peke yake. Nilikuwa nje nachambua mchele wa mawe mengi. Nilimwona anapandisha kilima, miguu imevimba, shuka halipo, na nikamkimbilia nikagonga kifua chake kwa kichwa karibu tuanguke. Alikuwa hai. Nilimshikashika mikono, mgongo, shingo. Nilicheka. Sikumtazama usoni mpaka tulipoingia hemani, ambako koko alikuwa amekaa wima anangoja.

Mama alimwambia koko mwenyewe, bila kupitia kwangu.

"Nimefika. Kuna muzee mumoja alibaki kule. Alinionesha. Alimuzika kando ya kahawa, siku ile ile tulikimbia."

Siku ile ile. Kabla ya ugali wa kwenye mfuniko, kabla ya madereva, kabla ya mgomba. Koko alifumba macho. Tumbo lake lilikuwa limesema kweli, na sikuona furaha yoyote usoni mwake kwa kushinda.

Kisha mama akafungua mdomo. Niliona kilio kinapanda, nilikiona shingoni, kilio chake mwenyewe, ambacho hakukitoa siku ya mkeka wala kaburini kwa sababu hakuwa ameamini. Na nikaona anaukumbuka ule mwiko, ananitazama mimi, kisha anauziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Baba alikuwa ameshaliliwa. Nilikuwa nimeshakitumia kilio chake, chote, juu ya mgomba wa mama wa Butembo. Nilimgeukia koko, nikimwomba kwa macho aseme kuna njia nyingine, maana yeye ndiye mwenye kuzijua desturi.

Koko alitikisa kichwa. Hakuna.

Mama alitikisika mabega, viganja bado mdomoni, kama mtu anayezuia kutapika. Sikuweza kuvumilia. Ningekufa mimi, kama hiyo ndiyo bei, ili apige kelele mara moja tu. Nikamwambia hivyo: "Lia, mama. Balaa ikuye." Alitikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana.

Hapo koko aliinuka. Alitoka nje akishika kiuno, akarudi anaviringisha kinu cha bloki, kile cha kutwangia sombe, majani ya mihogo, na michi miwili chini ya kwapa. Alikisimamisha katikati ya hema. Akampa mama mchi mmoja, yeye akashika mwingine.

"Shikilia kinu," aliniambia.

Nilikaa chini nikakikumbatia kwa mikono na magoti. Koko alipiga wa kwanza. Mama akapiga. Koko akapiga. Walitwanga kwa zamu, polepole, kisha haraka, na chini ya kishindo cha michi nilimsikia mama anaanza, sauti ndogo kwanza, halafu kubwa, na kadiri ilivyopanda ndivyo koko, mwanamke wa umri ule, alivyozidi kupiga, jasho linamtiririka, naye anamlilia mwanawe, ardhi inatikisika mpaka kwenye mifupa yangu. Nje hakuna aliyeweza kusikia kitu ila michi, wala jirani wala baba.

"Ee, koko!" jirani aliita kutoka hema la pili. "Leo ni sombe ya sherehe?"

"Sombe!" koko alijibu kwa sauti kavu, bila kusimamisha mchi. "Iko mingi!"

Niliinamisha kichwa juu ya kinu, nikalia na mimi. Ndani yake hamkuwa na jani hata moja.